Vipande vya Juu

...la, usikamue, liache litone lenyewe, ukikamua nanasi pombe inaingia ukungu na wateja wanaitaka safi kama asali, basi nimesimama hapa nimening'iniza kitambaa juu ya bakuli, mikono inaniuma, na sebuleni mdogo wangu anakula keki, Bwana wangu, anakula ile keki, namsikia mama, "Kula, baba, umekonda," na kijiko kinagonga sahani... miezi minane hajagusa tone la pombe, miezi minane mama anamtaja kwenye kila sala kama aliyefufuka, na mimi je, mimi niliyemvua viatu miaka tisa, niliyefua mashuka yake kabla majirani hawajaamka, mimi sitajwi hata kwenye amina, halafu Jumapili iliyopita, mbele ya wanakwaya wote, akaniuliza, "Dada, bado unapika sumu?" wakacheka, nami nikacheka, nitafanyaje, lakini si sumu jamani, ni tunda limelala kwenye pombe kali wiki sita na sukari na mdalasini, nageuza mitungi kila asubuhi, mwenyewe naonja kwa ncha ya ulimi nikatema, na hilo koti alilosimama nalo kutoa ushuhuda limenunuliwa kwa pesa za mitungi hii, hilo hakulishuhudia... sikujua, nitasema sikujua, nilidhani pombe inachujwa na tunda linabaki tunda, nikaona nisilitupe, nilitie kwenye keki ya mama... uongo, tangu mtungi wa kwanza najua, tunda linakunywa kuliko mtu, si nilimwaga yale makapi uani, kuku wa jirani fundi cherehani wakayala wakaanza kupepesuka na kuwika ovyo, naye akanipigia kelele ukutani, "Shoga, kuku wangu umewatia kwaya gani?"... lakini mwoka mikate aliniambia moto unaila pombe yote, aliniambia, sawa, moto umekula ya ndani, na vile vipande vya juu je, vile nilivipanga keki ikishapoa, kimoja kimoja kwa uma, vinachuruzika, na upande nilioujua nitamkatia yeye nikavijaza... Mungu wangu, nilivijaza, mkono huu huu, huku naimba tenzi, nilikuwa nataka nini, nilitaka aanguke kidogo tu, mbele ya mama, ili mama aniite mimi kama zamani, "Njoo umshike mwenzio," maana nyumba hii ilinihitaji alipokuwa mlevi, alipopona nikawa mpika sumu... nenda ukaseme, miguu, nenda, ni hatua saba hadi sebuleni, sema keki ina pombe, mdogo wangu, tema, atatema, na atajua, na mama atajua, nikinyamaza atakula akashiba na kesho atatafuta pombe mwenyewe... kijiko kimenyamaza, kitambaa bado kinatona, sijasogea, mama anauliza, "Mbona umefumba macho, baba?" naye anacheka chini chini, kisha ananiita, "Dadaa, dada yangu mzuri, hakijabaki kipande kingine huko?" kwa ile sauti ya kubembeleza ambayo sijaisikia kwa miezi minane, na Mungu anisamehe, moyo wangu umefurahi kwanza, ndipo ukaogopa.