Upande wa Pili wa Gongo

Mzee Balwinder Singh alikuwa na kanuni moja alipokwenda kumkagua mchezaji chipukizi wa hoki ya barafu: asimtazame akiwa na kisahani. Mtoto yeyote mwenye kile kisahani cheusi mbele ya gongo lake huonekana hodari, na kwa mama yake huonekana bingwa wa dunia. Balwinder alimtazama kisahani kikiwa mbali. Anageuza shingo kuchungulia nyuma kabla hajapewa pasi? Akipokonywa, anakimbilia kukirudisha, au anabaki kumlalamikia refa? Hatua zake za kwanza juu ya barafu zina nguvu, au anateleza tu kama mtu aliyekanyaga sabuni? Kwa namna hiyo alikuwa amemletea kocha Tony karibu nusu ya timu yake ya wasichana, na Tony, ambaye si mtu wa kusifusifu, alikuwa akisema jicho la Balwinder halikosei.

Basi Jumamosi moja ya Januari, katika uwanja wa barafu kusini mwa London, jicho hilo lilikosea. Lilikosea kwa sababu ya mapenzi, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona.

Alikuwa amekaa jukwaani, kofia ya jaketi imefunika kilemba, kikombe cha chai mkononi. Wasichana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, walikuwa wakifanya mazoezi ya wazi. Mmoja wao, mwembamba, misuko ikichungulia chini ya helmeti, alipasiwa kisahani upande wake wa kushoto. Wenzake wote wangekipokea kwa upande wa nyuma wa gongo na kuendelea na safari. Yeye alikunja kiwiko, akalipindua gongo juu chini, akakigusa kwa upande ule ule wa mbele, akakivuta kulia, na beki akabaki anapapasa hewa. Balwinder alisimama. Chai ilimmwagikia suruali asisikie.

Chenga ile aliijua. Hakuna mtoto aliyeiokota London. Ilikuwa chenga ya kwao, ya kiwanja cha udongo wa murram kule Pangani, Nairobi, ambako yeye na wenzake walikuwa wakichezea hoki kila jioni mpaka mpira usionekane tena, kisha wanarudi nyumbani na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Asiyeijua hoki ya nchi kavu aelezwe kidogo hapa. Gongo lake lina upande mmoja bapa na upande mwingine uliobinuka, na huo uliobinuka hauruhusiwi kuugusa mpira hata kidogo. Ukiugusa, fauli. Mpira ukija kushoto kwako, lazima ulipindue gongo ili upande bapa uukute. Anayelelewa na sheria hiyo haimtoki tena. Atazeeka nayo viganjani. Hoki ya barafu haina habari na mambo hayo. Huku pande zote mbili ni ruksa, na anayezitumia zote mbili ndiye anayefika.

Balwinder aliondoka Nairobi akiwa winga kijana, watu wameshaanza kulitaja jina lake. Wazazi walihamia Hounslow, magharibi mwa London, naye akapata kazi Heathrow ya kupakia mizigo kwenye ndege, zamu juu ya zamu, na hoki ikamponyoka hivi hivi bila hata kuagana nayo. Miaka baadaye binti yake Komal aliomba siku ya kuzaliwa kwake apelekwe kuteleza kwenye barafu. Walipofika, timu fulani ilikuwa inamalizia mazoezi, na Balwinder akasikia gongo likigonga gongo. Komal mpaka leo husema kwamba baba yake alilia, na baba yake mpaka leo husema ilikuwa baridi. Tangu siku ile hakubanduka tena kwenye viwanja vya barafu.

“Huyo mwenye misuko ni nani?” alimuuliza Tony.

Aliitwa Shiro, wa mtaa wa Thornton Heath. Tony naye alikuwa amemwona, lakini hakushangilia. Alisema mtoto ana mbio na ana akili ya mchezo, ila anachezea nusu ya gongo. Kisahani kikienda kushoto kwake anapoteza muda kulipindua, au anageuka mwili mzima. Kwa umri huu mabeki wanamwachia nafasi. Mwakani watamla mzima mzima. Katika timu yake ya akademia nafasi ilikuwa imebaki moja, na kulikuwa na msichana mwingine aliyeitaka. Majaribio ya mwisho yangefanyika Machi.

“Wewe ndiye unayemleta,” Tony alimwambia. “Nitafuata neno lako.”

“Mchukue,” Balwinder alitaka kusema pale pale. Alijikaza akasema atamwangalia zaidi.

Siku hiyo hiyo alimtafuta mzazi. Alimkuta karibu na mlango, mwanamke wa makamo aliyevaa koti juu ya sare ya unesi, anakula mandazi kutoka kwenye kopo la aiskrimu.

“Mama Shiro?” alimwita kwa Kiswahili.

Mwanamke huyo, jina lake Margaret, aligeuka, akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu. “Eh! Kumbe Mzee ni wa kwetu?”

“Pangani.”

“Woi! Mimi Nakuru. Shika mandazi.”

Kabla andazi halijaisha, siri ilikuwa nje. Margaret alikuwa fowadi wa shule yake ya bweni. Walifika mpaka michezo ya mkoa, wakafungwa fainali na timu ambayo, kwa kauli yake, ilikuwa imemnunulia refa soda. Alipokuja Uingereza alikuja na gongo lake ndani ya sanduku, limeviringishwa katika leso mbili za kujifunga, na afisa wa uwanja wa ndege akamuuliza kama ni silaha. Shiro alipoanza kutembea, alilishika gongo lile kabla hajashika kijiko vizuri. Walichezea nyuma ya gereji za magorofa yao, kwa mpira wa tenisi. Barafu ilikuja baadaye tu, shule ilipowapeleka wanafunzi matembezi.

“Ile ya kupindua gongo nimemfundisha mimi,” Margaret alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa. “Umeiona?”

“Nimeiona,” Balwinder alijibu. “Nimeona Nairobi yote.”

Ikawa kila Jumamosi anavuka mji mzima kutoka Hounslow, treni kwa treni, kwenda kumkagua Shiro. Anaita kukagua. Ukweli ni kwamba alikuwa akienda kupiga soga. Alibeba chai ya tangawizi, Margaret akabeba mandazi, au viazi karai akitoka zamu ya mchana, na mazungumzo yalianza kabla barafu haijasafishwa. Walizungumzia harufu ya mvua ya kwanza juu ya murram. Walizungumzia magongo yaliyofungwa kwa utepe wa fundi umeme, na marefa waliokuja kwa baiskeli. Shiro akipindua gongo wote wawili walitoa sauti ile ile, “Eeeh!”, kama watu waliotiwa sukari mdomoni. Na kila kisahani kilipompotea kushoto, mzee huyo wa jicho lisilokosea alikuwa na udhuru tayari: barafu mbaya, pasi mbaya, beki mkorofi.

Mwezi Februari Komal alimsindikiza. Alitazama mchezo mzima. Shiro alipokonywa kisahani kushoto, ikawa goli; akapokonywa tena, ikawa goli la pili. Mara ya tatu mtoto mwenyewe alianza kukikwepa kisahani. Aliona pasi inamjia upande ule akajifanya hakuiona.

Wakiwa ndani ya treni Komal akauliza, “Papa, unamtazama huyu mtoto, ama unatazama Pangani?”

“Ana kipaji.”

“Najua ana kipaji. Mimi nakuuliza wewe unatazama nini.”

Balwinder aligeukia dirisha. Alikasirika kwanza, maana hapendi kuulizwa maswali na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfunga nepi. Treni ilipofika kituo chao hasira zilikuwa zimekwisha, na kilichobaki ni aibu. Mtoto aliyekuwa akiomba pasi kwa sauti mwezi uliopita sasa anaiogopa, na yeye Balwinder amekaa pale anakunywa chai. Angemwambia Tony amchukue hivi alivyo, angekuwa anampeleka akavunjwe moyo mbele ya watu. Angenyamaza, nafasi ingekwenda kwa yule mwingine. Lilikuwepo jambo moja tu la kufanya, na wa kulifanya alikuwa yeye.

Jumamosi iliyofuata hakufungua chupa ya chai. “Mama Shiro, ile chenga lazima aiache.”

Margaret alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna utani, kicheko kilikatika.

“Huku gongo lina pande mbili,” Balwinder alisema. “Yeye anacheza na mmoja. Sisi tumempa sheria ambayo hapa haipo. Atumie upande wa nyuma, la sivyo hatafika popote.”

“Sisi?” Margaret aliuliza. “Mimi ndiye nimemfundisha. Wewe ulikuwa unashangilia.”

“Ndiyo. Nimekosa.”

Margaret alikunja na kukunjua pindo la koti. “Mzee Singh, huyu mtoto nikimwongelesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Kikuyu ndio usiseme. Ugali anakula na fork. Nikimwambia habari za cucu, nyanya yake, anasema ‘okay, Mum’ huku anaangalia simu. Kitu kimoja tu nilimpa akashika. Kimoja! Sasa unataka nimwambie ni makosa?”

Margaret alifunika kopo lake, akaenda kukaa upande wa pili wa jukwaa, peke yake. Wiki iliyofuata hawakutokea mazoezini, wala iliyofuata hiyo. Balwinder alipiga simu, haikupokewa. Tony aliuliza kama ampigie yule msichana mwingine amwambie nafasi ni yake. Balwinder alimwomba asubiri majaribio, na sauti yake haikuwa na uhakika wowote.

Walikuja. Siku ya majaribio, wenzake wakiwa tayari wanapasha misuli moto, Shiro akaingia akikimbia na begi lake, Margaret nyuma yake na sare ya kazi. Alipanda jukwaani, akamsalimia Balwinder kwa kichwa tu, akaacha viti viwili katikati yao. Hapakuwa na mandazi. Balwinder alitamani kuomba msamaha, lakini mchezo ulikuwa unaanza.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Balwinder alijirudisha kwenye kanuni yake ya zamani, akamtazama Shiro kisahani kikiwa mbali. Shingo inageuka. Hatua za kwanza kali. Akipokonywa, anarudi. Kisha beki mmoja akapiga pasi ndefu, ikavuka uwanja, na ikawa inamjia kushoto kabisa, kwa kasi, na golikipa peke yake mbele. Balwinder alishika kiti.

Shiro hakulipindua gongo. Hakugeuza mwili. Alikipokea kwa upande wa nyuma na, bila hata kukituliza, kwa upande ule ule akakiinua juu ya bega la golikipa. Wavu ukatikisika.

“Fauli!”

Balwinder alikuwa amesimama, mkono juu, sauti yake imejaa uwanja. Na haikuwa yake peke yake. Viti viwili kando, Margaret naye alikuwa amesimama, mkono juu, anamwita refa kwa nguvu zote za michezo ya mkoa. “Refa! Fauli! Huoni?”

Wazazi wengine waliokuwa wanapiga makofi waliwageukia. Tony, pembeni ya barafu, aliinua macho kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Katika jengo lile lote watu wawili tu ndio walioiona fauli, na watu hao walitazamana, mikono bado iko juu, wakaanza kucheka mpaka Margaret akakosa pumzi. Kicheko chake kilipotulia kilikuwa kimegeuka kitu kingine, na machozi yalikuwa yanamshuka.

“Nimemfundisha mwenyewe,” alisema. “Kule nyuma ya gereji, kila jioni. Namrushia mpira kushoto, namwambia piga na nyuma, piga na nyuma. Na kila akipiga, Mzee, naskia kama mtu ameiba. Nilidhani sheria ile imeshanitoka.”

“Haitoki,” Balwinder alisema. Alifurahi kwa ajili ya mtoto, alifurahi kweli kweli, na papo hapo alijua kwamba chenga ile haitaonekana tena juu ya barafu ile. Ilikuwa imefika mbali kuliko yeye mwenyewe alivyofika, na yeye ndiye aliyeomba iachwe. Alimtazama Tony, akatikisa kichwa mara moja kukubali, na Tony akainua kidole gumba.

Chini, Shiro alikuwa amezungukwa na wenzake. Alijinasua, akavua helmeti, akawatafuta jukwaani. Akamwona mama yake amesimama, mkono umenyooka juu, na mzee wa kilemba kando yake vile vile. Akadhani wanamshangilia. Uso wote ulimchanua, akainua gongo lake kuwajibu.

Margaret alikuwa ameanza kuushusha mkono. Akaurudisha juu, akaupunga, na Balwinder akapunga wake, na hawakuacha mpaka mtoto alipogeuka kurudi mchezoni.