Hati Iliyotoka Mdomoni mwa Besi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, jua likiwa bado halijapanda juu ya misonobari, Bi Verdell Mabry alishusha mashua yake ya bati kwenye ziwa Talmon, akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akafunga chura wa mpira kwenye mshipi. Chura alikuwa wa kijani mwenye tumbo jeupe, na ndoana zake mbili zilimlalia mgongoni ili zisinase majani. Kusini mwa Georgia, ukifika mwezi Juni, hakuna chambo kingine cha kumshinda. Maji yanakuwa na joto la kuogea, magugu yanaota kutoka kwenye tope mpaka juu na kutandika zulia unaloweza kudhani utalikanyaga, na besi, samaki mwenye mdomo mpana kuliko busara yake, hukaa kivulini chini ya zulia hilo akisubiri kiumbe kipite juu. Unamrusha chura mbali, unamtembeza juu ya majani kwa kumshtuashtua, na kila penye tundu unamsimamisha kidogo. Besi akimpenda, zulia linapasuka.

Nyuma ya mashua alikaa Otha Crume, mume wa marehemu dada yake. Yeye hakuwa mtu wa chura. Alikuwa na mnyoo wa plastiki wa rangi ya zambarau, uliotanguliwa na chubwi zito la kutoboa zulia, na alikuwa akilidondosha wima kama mtu anayepima kina cha kisima. Alilidondosha mara ya kwanza, likazama futi kumi na nne, likagonga bati.

"Samahani, Bi Ozella!" Otha aliita, akalipandisha haraka.

"Kila siku samahani, kila siku unagonga," Verdell alisema. "Mama yangu atakuja kukudai paa."

"Si nimesogea? Upepo ndio umenirudisha."

Upepo haukuwepo.

Bi Ozella Mabry alikuwa amefariki mjini Macon mwaka 1981 na kuzikwa huko kwa heshima zote, na wiki iliyofuata alirudi kukaa nyumbani kwake katika kijiji cha Zion Fork. Zion Fork wakati huo ilikuwa na miaka ishirini na minne chini ya ziwa. Kampuni ya umeme ilijenga ukuta kwenye mto mwaka 1957, maji yakaja polepole, yakapanda ngazi za kanisa, yakaingia ghalani, na kaya arobaini za watu Weusi zikapakia magodoro kwenye malori. Verdell alikuwa na miaka mitano, akabebeshwa kuku. Wengi wao walirudi baadaye kwa njia ile ile ya Bi Ozella, mmoja mmoja, wakafagia tope barazani na kuendelea na mambo yao.

Ndiyo maana wavuvi wazawa walizitaja sehemu za ziwa hilo kwa majina ya wenyewe. Kulikuwa na Kwa Mchungaji, penye mayungiyungi, pazuri asubuhi. Kulikuwa na Ghalani, ambapo besi walijipanga kwenye nguzo wakati wa joto la mchana. Na kulikuwa na Kwa Ozella, ambapo gugu lilikuwa zito kuliko kote, kwa sababu bibi huyo alikuwa na mkono wa kilimo. Wageni wenye boti za kumetameta walihifadhi sehemu hizo kwa namba kwenye vioo vyao vya ramani. Otha naye alikuwa na kioo kidogo cha kuonea samaki, alichopewa na binti yake. Kilimwonyesha besi saba chini ya paa, na pembeni yao Bi Ozella barazani akimenya kunde. Otha alimpungia mkono kila mara, ingawa alijua kioo hakionyeshi upande wa pili.

Barua zilipandishwa na samaki. Bi Ozella alikunja karatasi ya nta ndogo kama kidole gumba, akamwekea besi kwenye shavu, na aliyemvua besi huyo aliisoma. Ya kwanza ilisema: Mwambieni Otha bomba la jiko langu limepinda. Jibu lilirudishwa mdomoni mwa samaki yule yule, samaki akaachiwa. Kwa hiyo Verdell na Otha hawakula besi, wakatosheka na kambare. Lakini besi hawakuwa matarishi wa kuitwa kwa filimbi. Hakuna aliyewahi kuletewa barua pembeni ya mashua. Ilibidi samaki adanganywe kihalali, apigane kihalali, ndipo aitoe.

Sasa ilikuwapo barua moja ambayo Verdell aliihitaji kabla ya kesho.

Kesho yake, Alhamisi, baraza la kaunti lilikuwa likae kuamua kuhusu lango. Wenye nyumba za kifahari kandokando ya ziwa walikuwa na chama chao, na chama kiliomba kuweka lango kwenye barabara ya zamani ya Zion Fork, ile inayoteremka na kuingia majini. Hapo tu ndipo mtu asiye na nyumba ya ziwani alipoweza kushushia mashua. Likifungwa, Verdell angebaki nchi kavu, na mama yake chini, bila njia ya kuulizana hali. Baraza lilisema litawasikiliza wenye ardhi peke yao. Na vitabu vya kampuni vilisema watu wa Zion Fork walikuwa wapangaji, ndiyo maana mwaka ule walilipwa thamani ya mahindi yaliyokuwa shambani na si zaidi.

Verdell alimwandikia mama yake mwezi Aprili. Jibu lilikuja kwa besi mwembamba wa Ghalani: Mimi mpangaji? Hati ninayo, iko kwenye mkebe wa mafuta ya nguruwe. Nitampa yule mkubwa anayelala chini ya ngazi. Verdell, usivute haraka.

Maneno matatu ya mwisho yalipigiwa mstari mara mbili, na kwa haki. Kwa miaka hamsini Verdell alijulikana ziwa zima kwa kosa moja. Besi anapompiga chura juu ya magugu, anapiga kwanza majani, halafu chura, halafu ndipo anafunga mdomo na kugeuka. Mvuvi lazima angoje mpaka asikie uzito. Verdell alivuta aliposikia kishindo. Jumatatu alimnyang'anya yule mkubwa chura mdomoni. Jumanne alimnyang'anya tena, na barua ilionekana kabisa, nyeupe, kwenye kona ya mdomo.

"Leo hiyo mikono tungeifunga kamba, shemeji," Otha alisema.

"Ufungwe wewe mdomo. Kelele zako zinasikika mpaka Macon."

Alirusha. Chura alitua mbali kupita ngazi, akaanza kurudi juu ya zulia, akirukaruka, akipumzika. Kwenye tundu la tatu magugu yalilipuka, maji yakaruka juu kama ndoo imemwagwa, na Verdell akavuta. Chura alirudi angani akampiga Otha kofia ikaanguka majini.

Otha aliiokota, akaikamua, akaivaa.

"Sijasema kitu," alisema.

"Na usiseme."

"Nasema moja tu. Wewe unavua kwa macho. Ukiona maji yamepasuka, mkono umeshaondoka. Basi fumba macho."

"Nani anavua akiwa amefumba macho, Otha Crume? Nimekuwa kichaa?"

"Umemkosa mara tatu ukiwa umefumbua."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Walilipumzisha tundu kwa dakika kumi, kama desturi inavyotaka, wakala biskuti za Kusini, vimkate laini vyenye soseji, na kumaliza kahawa. Besi mkubwa hakuondoka. Alikuwa na kazi aliyotumwa. Verdell alirusha tena, akafumba macho, akamtembeza chura kwa kuhisi tu. Alisikia kishindo. Mikono ikamwasha. Akauma mdomo wake wa chini, akangoja, maana alikuwa amemkumbuka mama yake akipiga ule mstari wa pili chini ya maneno. Kisha mshipi ukawa mzito, polepole, kama mlango unaovutwa na mtu wa ndani.

"Sasa!" Otha alipiga kelele.

Alikuwa ameshavuta. Ufito ulipinda mpaka mpini. Besi alizama moja kwa moja kwenye magugu akajifunga humo, na ingekuwa mshipi wa kawaida ungekatika, lakini wa Verdell ulikuwa wa kusokotwa, ule wenye nguvu ya kukokota gogo. Otha alipiga kasia mpaka juu yake, akaingiza mikono yote miwili, akapandisha tita la majani ukubwa wa mbuzi. Ndani yake alikuwamo samaki wa ratili kumi na moja, amekasirika, na shavuni ana karatasi ya nta.

Verdell aliitoa, akaifungua juu ya magoti. Ilikuwa kavu. Ilikuwa na muhuri wa kaunti, saini tatu, na ekari kumi na mbili, barabara ikiwamo, kwa jina la baba yake. Alilia kidogo na kucheka sana, akamshika Otha shingoni na kumbusu kwenye kofia mbichi. Kisha akaandika kwenye kipande cha mfuko wa biskuti: Safari hii nimengoja. Akakiweka shavuni mwa besi, akamwachia, naye akashuka bila haraka kuelekea kwenye ngazi.

Alhamisi, karani wa kaunti, Bwana Delbert Swint, aliipokea hati kwa mikono safi. Aliinusa, akailinganisha na mihuri ya zamani, akatoa kipande cha jani la maji kilichonata nyuma.

"Umeipata wapi, Bi Verdell?"

"Mama alikuwa nayo. Amenitumia kwa besi."

"Mkubwa?"

"Ratili kumi na moja."

"Juu ya chura?"

"Juu ya chura."

Bwana Swint aliinamisha kichwa kwa heshima, kwa kuwa naye alikuwa mvuvi. Aliliambia baraza kwamba hati ni halali, kwamba Zion Fork haikuuzwa na mtu yeyote, na kwamba familia ya Mabry ni wenye ardhi tangu 1919 mpaka leo asubuhi. Watu wa nyuma walipiga makofi. Otha alisimama akainama kana kwamba hati ni yake.

Kisha mwanasheria wa baraza akasoma karatasi nyingine. Mwenye ardhi, alisoma, anamiliki kuanzia tope kwenda chini. Maji yaliyo juu ya tope ni ya kampuni ya umeme, pamoja na magugu yaliyomo na samaki, na kampuni imekikodishia chama cha wenye nyumba uso wote wa ziwa. Lango lilipitishwa kwa kura tano kwa sifuri. Mwenyekiti wa chama, Bwana Brandt Hollis, alivuka ukumbi kumpa Verdell mkono. Alikuwa mtu mchangamfu, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Kumbe sisi majirani!" alisema. "Karibu sana ziwani. Nitakutumia kanuni zetu."

"Na nikitaka kumwona mama?" Verdell aliuliza.

"Mashua haitapita, mama. Kanuni ni kanuni."

"Kwa miguu?"

Bwana Hollis alimtazama mwanasheria, mwanasheria akamtazama Bwana Swint. Bwana Swint alifungua ramani, akaifuata barabara kwa kidole mpaka chini ziwani. Barabara ni ardhi, alisema, na ardhi ni ya Bi Verdell. Akaandika: kwa miguu, ruhusa.

Jumamosi saa tano Verdell alivaa viatu vya kanisani, akabeba pai ya viazi vitamu iliyofunikwa kitambaa, akapita pembeni ya lango jipya. Otha alimsindikiza mpaka maji yalipoanza.

"Mwambie kuhusu bomba la jiko, ni bahati mbaya," alisema.

"Utamwambia mwenyewe siku yako ikifika."

"Haina haraka hiyo."

Verdell alivuta pumzi moja ndefu, ambayo ilimtosha mpaka saa nane, akateremka na barabara. Chini kulikuwa na mwanga wa kijani. Mashina ya magugu yalisimama pande zote mbili kama mahindi ya shamba zuri, na besi walikaa katikati yake, kichwa kuelekea njiani, wakimtazama kwa adabu. Yule mkubwa alikuwa chini ya ngazi. Bi Ozella alikuwa mlangoni na aproni, mdogo kuliko Verdell alivyomkumbuka, na kijana zaidi kuliko Verdell mwenyewe. Walikumbatiana muda mrefu. Kisha alimkalisha, akampakulia bamia, sukuma wiki na mkate wa mahindi, kwa sababu huyo hakuwahi kuzungumza na mtu mwenye njaa.

"Haya," alisema. "Wamesemaje?"

"Wamesema ardhi ni yetu, Mama. Mihuri yote."

"Hilo nalijua tangu nizaliwe. Na haya maji?"

"Maji ni yao."

Boti ilipita juu. Kivuli chake kilitambaa mezani, kikapita juu ya pai na mikono yao, na nanga iliyoachwa ikining'inia ililima mstari mzima wa bamia bustanini ikatoweka na uzio. Bi Ozella aliitazama mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Kama ni yao," alisema, "waambie waje wayachukue. Wameyaweka kwenye ardhi yangu."

Verdell alisema atawaambia. Jumatatu aliwaandikia barua, kwa neno hilo hilo la mama yake, akaipeleka ofisini mwenyewe. Bwana Swint aliisoma mara mbili, akasema haina kosa hata moja, akaigonga muhuri na kuipeleka kwenye kampuni. Ilipokelewa. Maji yako pale pale, na kila Jumamosi saa tano Verdell anashuka na chakula.