Zahanati Itahamia Chini

Truphena aliandika kumbukumbu za vikao kwa miaka ishirini na miwili, na katika minne ya mwisho hakuwa akisikia vizuri yaliyosemwa vikaoni.

Hakuna aliyejua. Alikuwa katibu katika tawi la chuo kikuu lililo kando ya barabara ya Jogoo, jengo la ghorofa nne ambalo zamani lilikuwa ghala la nguo, na kila kamati ilimtaka yeye. Watu walisema mkono wa Truphena haukosei. Yeye alikuwa amejifunza kusoma midomo bila hata kujua kwamba anachofanya kina jina. Alifika kikaoni kabla ya wote akachagua kiti kinachotazamana na mwenyekiti. Ajenda aliiomba siku mbili mapema. Mtu akisema jambo lisilomfikia, alitikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha akamnasa mtu huyo baadaye koridoni: "Ile hoja yako ilikuwa nzuri sana, hebu nirudie nisije nikaiharibu." Wenye hoja walifurahi. Walidhani ni heshima.

Nyumbani kwake Jericho alijificha nyuma ya masikio ya mume wake. Obonyo alikuwa amefanya kazi karakana ya reli miaka thelathini, kati ya nyundo na vyuma, akastaafu na masikio mabovu. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Ati, kwa vile kila ukimwambia neno anakuuliza, "Ati?" Televisheni iliponguruma hadi jirani akagonga ukuta, lawama zilimwendea Obonyo, na Truphena akanyamaza. Mara moja tu binti yao, Winny, alimtazama kwa jicho la shaka.

"Mathe, nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nawaza," Truphena alijibu. Wala hakudanganya. Alikuwa akiwaza jina ambalo watoto wa mtaa wangempa yeye.

Jumatano moja ya Februari, Kamati ya Afya na Ujumuishaji ya wafanyakazi ilikaa ghorofa ya pili. Joto lilikuwa kali na feni ya dari ilikuwa ikikwaruza kama kijiko ndani ya sufuria. Jambo lenyewe lilikuwa la siku nyingi: zahanati ya wafanyakazi iko ghorofa ya tatu, lifti ilikufa kabla ya korona, na kuna watu wasioweza kupanda ngazi. Mwalimu Ayuma, mhadhiri wa takwimu, mama asiyechoka kubishana, alitaka zahanati ishushwe. Wengine walisema chini hakuna bomba la maji wala chumba cha kuweka dawa. Daktari Maingi, mwenyekiti, daktari wa vitabu na si wa sindano, aliwasikiliza wote akijipepea kwa faili. Mwishowe aliinuka, akaenda dirishani kutafuta hewa, akatoa uamuzi akiwa amewapa mgongo.

Truphena aliona mabega tu. Katika ule mkwaruzo wa feni alidaka maneno "itahamia chini mwaka huu." Wenzake walikuwa tayari wanafunga madaftari, kila mtu akikimbilia chakula cha mchana. Akaandika: Iliamuliwa kwamba zahanati itahamia chini mwaka huu.

Daktari Maingi alikuwa amesema haitahamia. Silabi moja, tena ya pumzi tu, ilikuwa imeanguka njiani kati ya dirisha na kiti cha katibu.

Kesho yake mwenyekiti alikwenda Kisumu kwenye kongamano la siku saba. Siku hiyo hiyo Jacklyne, msichana anayetengeneza jarida la wafanyakazi, alichungulia ofisini kwa Truphena.

"Madam, niokoe. Nipe kitu cha furaha, ukurasa wangu umejaa tanzia."

Truphena akamsomea uamuzi wa kamati. Ijumaa jarida likatoka, na juu kabisa, kwa herufi nene, limeandikwa: ZAHANATI ITAHAMIA CHINI.

Jumatatu asubuhi Kiema alikuja kumtafuta. Kiema alifanya kazi kwenye chumba cha kuchapia mitihani, ghorofa ya chini. Alitembea kwa magongo tangu alipougua polio akiwa na miaka mitatu, na kila siku alikuja kazini kwa miguu kutoka Mbotela, jua liwake mvua inyeshe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alisimama mlangoni, jarida likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa shati, akacheka kabla hajasema lolote.

"Najua si wewe uliyeamua, mama. Lakini wewe ndiye uliyeandika, kwa hivyo nimekuja kwako. Miaka miwili sijapimwa presha hapa. Ngazi hamsini na nne! Zamani nikifika juu nesi alikuwa akiniambia, Kiema, presha yako iko juu. Si lazima iwe juu?"

Truphena akacheka naye. Mchana kutwa alijisikia vizuri, kama mtu aliyemsaidia mwenzake kubeba gunia.

Daktari Maingi aliporudi Alhamisi, hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, jarida mkononi, akasimama mbele ya meza yake.

"Truphena, nani alisema zahanati itahamia chini?"

"Wewe, Daktari."

"Mimi? Mimi nilisema haitahamia! Hakuna maji huko chini. Nilisema tutaangalia mwaka ujao."

Truphena alifungua daftari. Mwandiko wake ulikuwa safi, bila kufutwa wala kukatwa. Daktari Maingi aliutazama kwa muda mrefu, na Truphena akaona jambo ambalo hakulitegemea: mwenyekiti alianza kujitilia shaka. Daftari la Truphena lilikuwa halijawahi kukosea.

"Labda nilisema vibaya," alinong'ona, na hilo Truphena alilisoma midomoni. "Wacha niwaulize wengine."

Akawauliza. Wawili hawakukumbuka. Mwalimu Ayuma alisema anakumbuka vizuri sana kwamba walikubaliana, na kama mwenyekiti anataka kugeuka, ageuke mbele ya wafanyakazi wote. Basi ikabaki kwa Truphena. Akisema, "Ndivyo nilivyosikia," jambo limekwisha. Zahanati itashuka, Kiema atapimwa presha, na siri yake itakaa salama hadi siku ya kustaafu.

Alikwenda nalo nyumbani neno hilo. Tangu Alhamisi hadi Jumapili aliligeuza huku na huku. Mtu anatenda jema kwa bahati mbaya: je, ni kosa kuliacha lisimame? Lakini kila alipofikia hapo aliikumbuka silabi ile. Ikiwa aliikosa hiyo, ni ngapi nyingine alizikosa katika miaka minne? Kuna watu waliopandishwa vyeo kwa kumbukumbu zake. Kuna waliofukuzwa. Alijaribu kuvikumbuka vikao vyote alivyotikisa kichwa bila kusikia, akaogopa.

Jumapili, baada ya kanisa, Obonyo akimenya viazi nje ya mlango, Truphena alivuta kigoda akakaa karibu yake.

"Baba Winny, mimi sisikii vizuri," alisema kwa sauti ya kumfikia.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kunigombeza kwa sababu ya televisheni." Obonyo aliendelea kumenya. "Nilingoja useme mwenyewe. Mimi nilichukua miaka tisa kusema. Msimamizi wangu aliniamuru nisogee, sikusikia, chuma kikaniangukia mguuni. Ndipo nikasema."

Truphena aliijua hadithi ya mguu. Ile ya sikio ndani yake hakuwahi kuisikia.

Jumatatu alishuka hadi chumba cha kuchapia mitihani. Alitaka Kiema asikie kutoka kwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamweleza yote akiwa amesimama: dirisha, feni, silabi, miaka minne. Kiema alizima mashine. Kicheko cha juma lililopita hakikuwepo.

"Kwa hivyo hawakukubali."

"Hawakukubali."

"Na wewe unaketi kwenye kamati hiyo. Kamati ya watu kama sisi." Kiema alipiga gongo sakafuni. "Mimi siwezi kuficha haya magongo, mama. Nikiingia mahali, yameshaingia kabla yangu. Wewe umeweza kuficha miaka minne, ukakaa huko juu ukiandika habari zetu kana kwamba ni za watu wengine."

Truphena alisimama pale akinusa wino na karatasi zenye joto, akaona aibu ambayo hata mbele ya mwenyekiti hakuwa ameiona.

"Utawaambia?" Kiema aliuliza.

"Jumatano. Mwenyekiti ameitisha kikao cha dharura."

"Basi na mimi niite. Nimechoka kusemewa."

Kikao kile cha dharura kilifanyika chumba kile kile cha ghorofa ya pili, kwa sababu hakuna aliyefikiria kukihamisha. Truphena alianza kwa kuinuka na kuzima feni. Wajumbe walitazamana. Kisha akasema, bila kusoma popote:

"Kumbukumbu za kikao kilichopita zina kosa, na kosa ni langu. Mwenyekiti alisema zahanati haitahamia. Mimi nilisikia itahamia, kwa sababu alikuwa ametupa mgongo, na mimi nisipouona uso wa mtu, sisikii nusu ya anachosema. Imekuwa hivyo miaka minne. Nilificha. Naomba radhi kwa mwenyekiti, na naomba jarida litoe masahihisho."

Daktari Maingi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nimemwita Kiema wa chumba cha mitihani," Truphena aliendelea. "Anakuja."

Walingoja. Dakika tano, dakika nane. Truphena aliyakazia macho maandishi yake hadi alipoona kichwa cha mjumbe mmoja kikigeuka mlangoni, kisha cha pili, kisha vyote. Mwalimu Ayuma aliweka kalamu chini. Mwenyekiti alikuwa ametulia, uso wake ukikunjamana na kukunjuka, kukunjamana na kukunjuka, kwa mpigo mmoja. Truphena akaelewa: walikuwa wakisikia magongo ngazini. Yeye hakuyasikia. Aliyahesabu kwenye uso wa Daktari Maingi.

Kiema aliingia akiwa ameloa jasho. Hakuketi.

"Hii ni ghorofa ya pili," alisema. "Zahanati ni moja zaidi. Sina hotuba nyingine."

Usidhani kamati ililia machozi na kushusha zahanati siku hiyo. Chini hakukuwa na maji kweli, na kuvuta bomba kulingoja bajeti ya mwaka ujao. Walibishana saa nzima. Lakini safari hii kila aliyesema alimgeukia katibu kwanza, na kwa kugeuka huko watu wakasema maneno machache yaliyo na uzito zaidi. Waliamua kwamba nesi ashuke na mizani na mashine yake ya presha, Jumanne na Alhamisi, kwenye chumba kidogo kando ya lango ambacho kilikuwa kimejaa viti vilivyovunjika. Waliamua pia kwamba vikao vya kamati vifanyike ghorofa ya chini, viti vikipangwa duara. Daktari Maingi alimuuliza Truphena kwa upole kama angependa kupumzishwa kazi ya kumbukumbu.

"Hapana," Truphena alisema. "Lakini nisaidieni. Kila uamuzi nitausoma kwa sauti kabla hatujainuka, na asiyekubali aseme hapo hapo."

Mwalimu Ayuma alikiri baadaye, koridoni, kwamba hakukumbuka chochote siku ile. Alitaka tu zahanati ishuke. Truphena alimwambia angelisema mapema. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akaona yanamhusu na yeye.

Alikwenda kupimwa masikio. Mtaalamu alimwonyesha mchoro wenye mstari unaoteremka kama barabara ya kushuka Mathare, akamweleza kwamba sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Kifaa alichopewa hakukipenda. Wiki ya kwanza kila kitu kilipiga kelele: mafuta kwenye kikaango, mfuko wa plastiki, viti vikikokotwa. Alikivua mara nyingi akakiweka mkobani. Winny akawa anamuuliza kila asubuhi, "Mathe, umevaa?" na asubuhi nyingine jibu lilikuwa la. Obonyo alipoambiwa naye akapimwe, alisema amezoea ukimya wake na asisumbuliwe.

Kiema alipimwa Jumanne ya kwanza, akiwa wa tatu kwenye foleni. Presha yake ilikuwa juu kwelikweli, bila ngazi yoyote, na nesi akamwandikia dawa na kumtuma hospitali siku hiyo hiyo. Hakuja kumwambia Truphena. Truphena alilisikia kwa nesi. Kati yao kulikuwa na ubaridi kidogo bado. Wakikutana langoni walisalimiana vizuri, na mara moja Kiema alimngoja wakavuka barabara pamoja.

Jarida lilitoa masahihisho ya mistari minne. Jacklyne alitaka kuandika kwamba kulikuwa na hitilafu za uchapaji, ili kumfichia mama yake wa ofisini. Truphena alikataa. Akaandika mwenyewe: Katibu hakusikia vizuri, na sasa anatafuta msaada.

Watu wengine walimhurumia kupita kiasi, wakamsemesha kwa kupayuka kama wanaomwita mtu ng'ambo ya mto. Mmoja au wawili walicheka. Hayo aliyategemea. Asilolitegemea lilitokea wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, pale Thuo, dereva wa basi la chuo, mwanamume mkubwa mwenye shingo nene, alipoingia ofisini kwake na kuurudisha mlango polepole. Alisimama akizungusha kofia mikononi. Alisema kitu akitazama sakafu.

"Sikukupata," Truphena alisema.

Thuo aliinua uso kidogo. "Nimesema, ile habari yako ya masikio, mama... na mtu akiwa shida yake ni macho? Jioni, taa za magari zikiwaka. Na mimi ndiye nabeba wanafunzi."

Truphena aliweka kando alichokuwa akiandika. Alivuta kiti akakileta upande wa pili wa meza, karibu na chake.

"Kaa hapa, nikuone ukisema," alimwambia. "Ilianza lini?"