Faraji na Mpira wa Shingoni

Mpira wa kusafishia damu ulimchomoka Faraji shingoni katikati ya mikorosho yake kule Likombe, mashine ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa maua, ingali mgongoni inanguruma.

Tusimlaumu haraka. Nesi Irene alieleza vizuri, na Faraji alisikia vizuri. Shida ni kwamba kati ya sikio lake na akili yake anakaa Faraji mwenyewe.

"Mzee Faraji, mipira ya mshipa mkubwa tunaipanga kwa muda wake wa kukaa," nesi alimwambia siku alipomwekea. "Kuna wa mkononi, huo wa dawa, haukuhusu. Kuna wa miezi mingi, tunaupitisha kwanza chini ya ngozi ya kifua, nyama inaushika. Wako ni wa muda mfupi. Figo zikiamka, tunautoa. Umeingia shingoni moja kwa moja, umeshikwa na uzi tu. Usibebe kitu begani."

"Umeshona, dada?"

"Nimeshona."

"Basi yamekwisha."

Kwani yeye si mtu wa kuelezwa habari za kushona. Msimu wa korosho ukifika, ndiye anayeitwa ghalani kushona magunia. Gunia la Faraji hurushwa juu ya lori, hukanyagwa na wapagazi, huvuka bahari hadi India na mdomo wake umefumba vilevile. Sasa kimpira chembamba kama kikonyo cha jani la muhogo ndicho kimshinde?

Asubuhi ya kwenda shambani, Latifa, mkewe, alimkuta anavaa mikanda ya mashine.

"Baba Rukia, nesi alisemaje?"

"Alisema wa muda mfupi. Na mie nakwenda muda mfupi."

"Haya, bingwa wa magunia. Na sanda utaishona mwenyewe?"

Mkanda wa kulia ulikaa juu ya mpira barabara. Faraji alipogeuka kufuata upepo, mkanda ukavuta. Uzi haukukatika, tuupe heshima yake. Ilichanika ngozi. Latifa, aliyekuwa amemfuata shambani, alikandamiza kanga pale shingoni, akilia na kutukana kwa zamu, mpaka bajaji ikafika hospitali.

Irene alinawa, akavaa glovu, akamfunika mgonjwa kwa vitambaa safi, akapitisha kipimo shingoni huku akitazama kioo cha mashine.

"Mshipa wa kulia umeziba kwa damu iliyoganda. Wa kushoto mwembamba mno. Tunakwenda kinenani."

"Kinenani wapi?"

"Mzee, kwani unavyo vingapi?"

"Niitie nesi wa kiume."

"Erasto yuko likizo. Figo zako haziwezi kumsubiri."

Faraji akamgeukia mkewe, amtetee.

"Mwekee, nesi," alisema Latifa. "Hakuna la ajabu huko."

Ikaingia sindano, ikafuata waya, mpira ukateleza juu ya waya, waya ukatoka. Kisha Irene akashona. Safari hii fundi wa magunia alitazama dari.

"Huu hutembei nao," Irene alimwambia. "Shingo imeingia vumbi. Ikipona ndipo tutakuwekea wa kifuani. Mpaka hapo, unalala."

Akalala. Hasara yenyewe ni hii: mshipa mmoja wa shingo, umeziba. Mikorosho tisa ilipata salfa. Hamsini na mmoja haikupata, na ukungu mweupe umekula maua yote.