Bitana ya Samawati

Kitu cha kwanza nilichokiona ni uzi. Ulikuwa umechomoza nyuma ya gauni la Chiriku, kwenye pindo, mfupi kama kope, na rangi yake ilikuwa samawati.

Nikasimama palepale. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanikanyaga kisigino.

"Tembea basi, mama. Au wewe umeshafika?"

Watu wakacheka. Nikatembea. Tulikuwa tumeshapita lango la uwanja, na vijana wa ulinzi walikuwa wakirudisha kamba nyuma yetu. Kwa mkono mmoja nilimshika Chiriku, mwanangu mdogo, na kwa mkono wa pili nilimshika dada yake, ambaye tunamwita Bibi kwa sababu amerithi jina la mama mkwe wangu. Bibi ana miaka minane lakini jina limemkaa. Hata kukohoa hukohoa kama mtu aliyelea wajukuu.

Uwanja mzima ulikuwa rangi moja, ile tunayoiita damu ya mzee. Ndiyo rangi ya Mgombea. Fulana, kofia, vitambaa vya kichwani, bendera. Gauni la Chiriku nalo lilikuwa damu ya mzee, kwa nje. Kwa ndani lilikuwa na bitana, na bitana yote, kuanzia kiunoni hadi pindoni, ilikuwa samawati, rangi ya wapinzani wake.

Naomba nieleze, maana mtu asiyeshona atadhani nilifanya makusudi. Nafanya kazi kwa Madamu, kwenye chumba chenye vyerehani, nyuma ya duka la rangi za nyumba. Kazi yangu ni kupiga pindo. Wenzangu wananiita Kimya. Kipindi kile cha kampeni Madamu alipokea kazi za pande zote mbili. Asubuhi tunashona damu ya mzee, tukila tunafagia, mchana tunashona samawati. "Mteja ni mteja," alisema Madamu, "ila mlango ufungwe." Vipande vinavyobaki ni vya mpiga pindo, ndivyo ilivyo tangu nianze kazi. Kitambaa cha damu ya mzee kilikuwa kigumu, kinakwaruza kama gunia. Kile cha samawati kilikuwa laini, cha kushonea skafu za kina mama. Na Chiriku ngozi yake inawasha, akivaa kitu kigumu anajikuna mpaka anatoka damu. Basi kigumu nikakiweka nje, laini nikakiweka ndani. Sikuona vyama viwili pale mezani. Niliona kitambaa kinachowasha na kitambaa kisichowasha.

Gauni lenyewe nililishona kwa ajili ya siku hiyohiyo. Ijumaa Madamu alisimama mlangoni na kupiga makofi.

"Jumapili ni mkutano wa mwisho. Tunakwenda wote, mbele kabisa, na watoto wenu. Mgombea anataka kuona familia."

"Na ambaye hana nauli?" aliuliza Vifungo. Huyo ndiye fundi wa vifungo na vishikizo, mdomo wake haujui Jumapili wala sikukuu.

"Aje kwa miguu. Na asiyekuja Jumapili, Jumatatu asijisumbue kuja." Madamu alikuwa ameahidiwa kazi ya sare za shule kama Mgombea angepita.

"Watoto wangu wakorofi, Madamu."

"Kwani uliwaokota? Waje na ukorofi wao."

Baba wa wanangu ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Hakukuwa na mtu wa kumwachia watoto wala wa kumwuliza. Nikaenda.

Sasa tuko mbele, jukwaa liko karibu kiasi cha kuona nyaya za vipaza sauti, na mimi nimeukamata ule uzi kati ya vidole viwili. Nikafanya kosa ambalo mwanafunzi wa ushonaji hukatazwa siku ya kwanza. Niliuvuta. Uzi wa pindo ukiuvuta haukatiki, unafumuka. Nikasikia kwenye vidole vyangu, tri tri tri, na pindo likaachia kiasi cha kiganja. Bitana ikaning'inia, laini, inang'aa kama maji.

Nikaikunja haraka kwa ndani na kuifumbia ngumi. Bibi alikuwa ananitazama. Akatazama ngumi yangu, akanitazama tena usoni. Akasogea akasimama nyuma ya mdogo wake, mgongo wake kwa watu.

Muda huohuo ndipo walipomtoa yule mwanamume. Alikuwa mtu wa makamo, mbele yetu kidogo, amevaa fulana yao kama wengine. Jua lilikuwa kali. Alitoa leso mfukoni afute jasho, na leso ilikuwa samawati. Sidhani kama hata aliiona mwenyewe. Leso ni leso. Kijana mmoja wa ulinzi akamshika mkono, taratibu, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara.

"Mzee, njoo mara moja."

"Nimefanya nini, mwanangu?"

"Njoo tu, tuongee."

Wakaja wengine wawili. Wakampitisha kando ya jukwaa, wakaingia naye nyuma ya turubai. Muziki ulikuwa mkubwa mno, hata kama angelia tusingesikia. Kofia yake ilibaki chini. Mtu aliyekuwa jirani yake aliitazama, kisha akahama hatua moja, asiwe karibu nayo.

"Wametumwa hao," alisema Madamu kwa sauti, ili asikike. "Wanakuja kuharibu."

Vifungo akaikaza kofia yake kichwani.

Nilitaka kuondoka, lakini kamba ilikuwa imefungwa na Madamu alikuwa akigeuka kila mara kutukagua. Halafu Chiriku akanivuta sketi.

"Mama, mkojo."

Hapa lazima niseme habari ya choo chetu. Nyumba tunayopanga ina choo kimoja kwa wapangaji wote, na asubuhi kuna foleni. Bibi ndiye aliyemfundisha mdogo wake. Wakiwa kwenye foleni anamwambia, "Bana." Mlango ukifunguka na gauni likiinuliwa anamwambia, "Achia." Chiriku alizoea hivyo mpaka ikawa hawezi bila kuambiwa. Hata nyumbani usiku, kwenye ndoo, anakaa anangoja neno. Wapangaji walikuwa wanatucheka. Wakimkuta Bibi uani wanamwuliza, "Askari, leo umefungua bomba?"

"Mama, mkojo," alisema tena, kwa nguvu.

"Mpeleke pale nyuma ya gari la maji," alisema Vifungo. "Wengine wote wanakwenda. Mpandishie gauni, amalize. Mtoto wa miaka minne nani atamwangalia?"

Nyuma ya gari la maji walisimama vijana wa ulinzi, wamepanga mstari.

"Atavumilia," nikasema.

"We Kimya! Mtoto atapata ugonjwa."

Bibi akainama kwenye sikio la mdogo wake. "Bana," akasema. Chiriku akabana. Nilimwona anakunja magoti na kuuma mdomo.

Mgombea akapanda jukwaani. Sitasema alihutubia nini, kwa sababu sikusikia hata neno. Nilikuwa nahesabu mishono kichwani: kama ningekuwa na sindano, mishono minane ingetosha, tena ya harakaharaka. Vifungo huwa na sindano kwenye kola siku zote. Ilikuwa pale, naiona inametameta, karibu kama pua yangu. Nilishindwa kumwomba. Ningemwambia ya nini? Na Madamu alikuwa amesimama bega kwa bega naye. Ngumi yangu ilikuwa imelowa jasho, kitambaa nacho kimelowa, na kitambaa cha damu ya mzee kikilowa kinachuja. Nilikuwa naona wekundu ukitoka kati ya vidole vyangu.

"Mama, mkojo."

"Bana," alisema Bibi.

Kisha mshereheshaji akachukua kipaza sauti.

"Mgombea anaomba mtoto! Mtoto mmoja, mzuri, aliyevaa rangi yetu!"

Nilikuwa nimesahau. Nilisahau vipi, sijui. Vifungo alituonyesha picha kwenye simu yake kazini: kila anakokwenda, mwisho wa mkutano, Mgombea huchukua mtoto na kumrusha juu mbele ya umati. Kwenye picha ile gauni la mtoto lilikuwa limefunuka kama mwavuli.

"Huyu hapa!" Madamu alipaza sauti, amenyoosha kidole. "Huyu hapa! Gauni nimeshona mimi!"

Kijana wa ulinzi akavuka kamba. Alikuwa mrefu, anatabasamu, fulana yake imepigwa pasi. Akamshika Chiriku chini ya makwapa na kumwinua. Mimi sikuachia pindo. Yeye akavuta juu, mimi nikavuta chini, Chiriku katikati kama nguo ya kukamuliwa.

"Mama, achia," kijana akaniambia.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema mtoto anaumwa, nilitaka kusema chochote. Sauti haikutoka. Tangu utoto sauti yangu huwa haitoki mbele za watu, lakini siku zote huwa natamani tu itoke. Siku hiyo niliitafuta kama mtu anayetafuta kiberiti nyumba ikiwa na moshi.

"Achia, mama!" watu wakaanza kupiga kelele. "Mwachie mtoto aende kwa Mgombea!"

"Kimya, unaniaibisha!" alisema Madamu huku ameuma meno. "Achia!"

"Anamwonea wivu mtoto wake!" mwingine akasema, kicheko kikapasuka. Ikawa kama wimbo, watu wote mbele ya jukwaa, wanapiga na makofi. Achia! Achia! Achia! Kijana aliacha kutabasamu. Akaangalia mkono wangu. Akaanza kunifungua kidole kimoja kimoja.

Chiriku alikuwa juu, uso wake umekuwa mdogo. Neno lile lilikuwa linamjia kutoka kila upande na hakulifuata. Alikuwa anamtafuta dada yake kwa macho.

Hapo nikamsikia Bibi. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ileile ya pale foleni, ya mlango umefunguka.

"Chiriku. Achia."

Nami nikaachia.

Mkojo ulitoka kama bomba lililopasuka. Ulimwanzia kijana kifuani, kwenye ile fulana iliyopigwa pasi, ukamshuka mpaka viatuni. Akaruka nyuma, akanirudishia mtoto kama mtu anayerudisha sufuria ya moto.

"Mchukue! Mchukue bwana!"

Nilimpokea kifuani, nikalikumbatia gauni lote, bitana na pindo na mkojo, miguu yake ikiwa imenizunguka kiuno. Umati ulikuwa hoi. Vifungo alikuwa analia kwa kicheko, ameshika mbavu. "Ameshapiga kura huyo!" alisema. Kijana wa ulinzi akageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa. Mshereheshaji tayari alikuwa ameshachagua mtoto mwingine, wa kiume, mwenye kaptura.

Madamu alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. "Ondoka na huo uchafu wako. Toka." Kwa ajili ya harufu, kamba ilifunguliwa tukapita. Tulipokaribia lango nilimwona kijana mwingine amesimama anatutazama miguuni. Niliendelea kutembea. Bibi alitembea ubavuni mwangu, karibu sana, anakanyaga kivuli changu, ameshika sehemu iliyofumuka kwa mkono wake.

Nyumbani nilifunga mlango na kuifumua bitana yote kabla jua halijazama. Bibi alishika upande mmoja nikashika mwingine. Nilipomaliza nilikata kile kitambaa vipande vidogo, vidogo kabisa, na kuvitia kwenye jiko la mkaa. Chiriku alikaa kwenye beseni anaimba, "Nimemkojolea mlinzi, nimemkojolea mlinzi." Bibi akamziba mdomo kwa kiganja.

Sijui yule mzee wa leso aliishia wapi. Kura zilipigwa, matokeo yakatangazwa, Madamu alipata sare zake na mimi hakunifukuza, maana wapiga pindo si wengi. Baba watoto aliporudi alisimuliwa na majirani habari ya mkojo, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nilicheka naye. Gauni linamkwaruza Chiriku, halivai tena. Bibi hakuwahi kulitaja jambo lile. Ila sasa kila asubuhi, kabla hatujatoka, anazigeuza nguo za mdogo wake, halafu zake, halafu zangu, anaangalia ndani, mishono, mifuko, chini ya kola. Ananirudishia na kusema, "Ziko sawa." Mtoto wa miaka minane.

Bibi, mwanangu, nilikusikia. Uwanja mzima ulikuwa unaniambia mimi, na wewe ulikuwa unamwambia mdogo wako, na vidole vyangu vilifunguka kwa neno lako wewe. Niliogopa sana. Najua na wewe uliogopa. Kesho asubuhi nguo nitazigeuza mimi.