Ni Kuteguka Tu

Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvunjika. Watu waliteguka. Bega lilitoka mtu akivua gauni, goti lilihama akipanda ngazi, vidole vilikunjika kinyume hadi watoto wa jirani wakalia. Mtaani waliwaita watu wa mpira, nao, wajinga wale, wakalipokea jina hilo kama cheo.

Vifungo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyeshona vifungo kwenye karakana ya sare, alifundishwa kurudisha viungo akiwa na miaka tisa. Mama yake alimfundishia kwenye mwili wake mwenyewe: shika hapa, vuta taratibu, zungusha, usiniangalie usoni. Tangu hapo alikuwa amerudisha bega la mama mara zisizo na idadi, na nyonga mara nne. Hospitali hawakwenda. Waende kusema nini, na kiungo kimesharudi?

Siku ya mkasa mama, aliyeshona mikono ya mashati meza ya pili, aliinuka kuchukua jora la kitambaa. Akajikwaa kwenye waya wa pasi, akaketi sakafuni pu! Hata kuanguka kwenyewe hakukuwa kuanguka kwa maana. Mkataji nguo alianza kucheka, kisha akauona mguu ulivyogeukia nje, akaweka mkasi chini.

"Nyonga imeteguka," mama alisema, jasho likimtiririka. "Vifungo, njoo mwanangu."

"Apelekwe hospitali kwanza," mkataji akasema. "Mguu huo siupendi."

"Wewe kata nguo," Vifungo akamjibu. "Haya ni yetu."

Alisema kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna. Alipiga magoti, akaushika mguu, akavuta. Nyonga ikirudi hutoa mlio mmoja mzito, na maumivu hupungua papo hapo. Safari hii alisikia kitu kikisagika. Mama, ambaye hata uchungu wa uzazi haukumtoa sauti, alipiga ukelele ulionyamazisha cherehani zote. Vifungo akadhani hakuvuta vya kutosha. Akavuta tena.

Hospitalini daktari wa mifupa aliwaonyesha picha ya eksirei: mfupa wa paja ulikuwa umekatika shingoni mwake, karibu na nyonga. Alieleza kwamba nyuzi zinazoshikilia viungo vyao zimelegea tangu kuzaliwa, na kwamba watu wa namna hiyo wako katika hatari ya mifupa yao kukonda, zaidi kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Mama alipaswa kupimwa zamani.

"Mfupa hukonda bila kuuma," alisema. "Husikii kitu mpaka siku unapovunjika. Lakini vipande hivi vimeachana mno, damu haifiki vizuri. Kuna mtu aliuvuta mguu?"

"Nilianguka vibaya," mama akadakia. "Kwenye ngazi."

Vifungo alitazama sakafu.

Walimpasua, wakatia skrubu. Baada ya wiki sita zilikuwa zimelegea, maana mfupa wenyewe haukuwa na nguvu ya kuzishika. Kupasua tena daktari hakuthubutu; mara ya kwanza mama alivuja damu nusura afe. Mguu ule hautakanyaga chini tena, alisema, kisha akamtaka Vifungo naye akapimwe mifupa. Vifungo aliitikia bila kusikia.

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika alikaa kitandani kwa mama.

"Mama, ni mimi. Ningekuacha ulivyokuwa, labda ungetembea."

"Najua. Nilisikia."

"Sasa mbona ulidanganya?"

"Ungeogopa kunigusa. Nami sina mwingine." Mama alijaribu kujisogeza, uso ukamkunjamana. "Bega limetoka tangu asubuhi, walipokuwa wakibadilisha shuka. Sijamwambia mtu. Nilikuwa nakungoja wewe. Nirudishie."

Vifungo aliweka mikono juu ya bega. Lilikuwa limeshuka kama siku zote. Au si kama siku zote? Alipapasa mbele, akapapasa nyuma. Limeteguka au limevunjika? Vidole vyake, alivyoviamini kuliko macho, havikumwambia kitu.

"Vuta," mama akasema. "Unangoja nini?"

"Siwezi, Mama. Nimwite nesi."

"Mwanangu, vuta!"

Alikimbilia koridoni. Nesi alikuwa na wagonjwa wawili mbele yake, na wapiga picha za mifupa, akasema, walikuwa wameshafunga hadi kesho. Vifungo aliporudi kumweleza mama alimkuta ameugeukia ukuta, ameuma shuka kwa meno.