Milima ya Alps Kupitia Dagoretti

Mume wangu Kuria ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kuhakikisha watu wanapanda na kushuka bila kuhisi kitu, na nadhani ndiyo sababu akishika usukani hujiona malaika. Mimi naitwa Kaindi. Tumeoana miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hatujawahi kusafiri peke yetu hata mara moja. Sitii chumvi. Fungate yetu ya Naivasha tulienda na mama yake, kwa sababu tulimpitia Dagoretti kumsalimu tu, naye akasema hata yeye hajawahi kuona viboko. Tulipoenda Machakos kwa wazazi wangu tulifika tukiwa tisa ndani ya gari la watano, pamoja na jogoo aliyekuwa anapelekewa mtu ambaye mpaka leo simjui. Ukoo huu hauwezi kupita langoni kwa mtu. Wakipita lazima waingie, wakiingia lazima wanywe chai, na chai ikiisha kuna mmoja anaenda kuchukua sweta yake.

Kwa hiyo Waithera, dada yake Kuria ambaye ni nesi huko Uswisi, alipotuma ujumbe kwamba atatukatia tiketi sisi watano tuje Desemba, tukodi gari na kuzunguka milima ya Alps siku saba na watoto, Kuria alilia. Mimi sikulia. Nilisema nitakubali kwa sharti moja.

Sharti lilikuwa mazoezi. Siku ya Mashujaa tungeendesha gari kutoka katikati ya jiji mpaka Karen, kisha turudi nyumbani kwetu Kangemi, sisi watano tu. Hakuna kumpitia mtu. Akiingia mtu wa sita ndani ya gari, au sisi tukiingia kwa mtu, hata kwa kikombe kimoja, jibu ni hapana. Waithera alikuwa anangoja jibu hilo kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana ofa ya tiketi ilikuwa inafungwa.

"Na mbona unaifanya ngumu hivyo?" Kuria aliniuliza.

"Nataka kujua kama niliolewa na mtu ama na stage ya matatu."

Akaenda kununua faili.

Faili hilo lilikuwa la kijani, na ndani yake alikuwa amepanga kila kitu kwa dakika. Uwanja wa ndege wa Zurich ulikuwa maegesho ya jengo analofanyia kazi mjini. Austria ilikuwa Kangemi. Italia ilikuwa Dagoretti, kwa sababu ya nyama. Uswisi yenyewe ilikuwa Karen, na hapo sikubishana naye, kwa maana Karen kuna miti, kuna farasi na watu hawasalimiani. Gari tuliazima kwa Jamleck, mwenzake wa kazini, gari dogo jekundu ambalo dirisha moja la nyuma halifunguki. Watoto niliwavalisha majaketi ya theluji na kofia za sufu kutoka mitumba ya Kangemi, kwa sababu Kuria alisema mazoezi bila nguo ni matembezi. Jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha mahindi.

Yale maegesho yana njia ya kuzunguka, inapanda ghorofa sita kama springi. Kuria alisema kona za Alps ni hizo hizo. Omollo, mlinzi wa pale, alikuja dirishani akiwa na wasiwasi.

"Boss, leo si ni holiday? Lifti ziko sawa."

"Sijakuja kwa lifti. Nimekuja kufanya kona."

"Kona?"

"Za Alps."

Omollo alitutazama mmoja mmoja, kofia tatu za sufu na jasho lote lile, kisha akafungua kizuizi polepole, kama mtu anayeruhusu wagonjwa.

Tulipanda. Kwa kuwa huko Ulaya wanaendesha upande wa kulia, Kuria naye akakaa kulia, na mishale yote iliyochorwa sakafuni ikawa inatuelekea sisi usoni. Ghorofa ya pili Zaka, ambaye ana miaka sita, aliuliza kama tumefika. Ghorofa ya nne Kitheka, mwenye miaka mitatu, alitapika ndani ya kofia ya baba yake. Nilisifu shabaha. Juu kabisa Kuria alizima gari, akatoka, akanyoosha mikono.

"Hiki ndicho kilele," alisema.

"Na snow iko wapi?" Zaka akauliza.

"Imeyeyuka."

"Ni climate change," alisema Nyokabi, mkubwa wao, ambaye ana miaka minane na anajua kila kitu. "Teacher alituambia."

Kuria aliandika kwenye faili kwamba kilele kimepatikana saa tatu na dakika arobaini. Kisha tukashuka, tukapanda tena, tukashuka. Mara ya tatu Omollo alitupigia saluti.

Waithera alipiga simu ya video tukiwa Waiyaki Way. Hupiga kila mara tukiwa pamoja, sijui hujuaje. "Mmefika wapi?" akauliza. Watoto wakamwambia wako Austria. Alicheka mpaka akafuta macho, akatutakia safari njema, akasema hataki kutuchelewesha. Kitheka akasema anataka kukojoa. Wakati huo tulikuwa tunapita mbele ya lango letu wenyewe.

"Tuingie dakika moja," nilisema.

"Hakuna kumpitia mtu," alisema Kuria. "Hata sisi wenyewe hatujipitii."

Kitheka alikojoa Uthiru, nyuma ya bango la kanisa, na Kuria akaandika.

Mpaka hapo, nikiri, nilikuwa nafurahia. Mume wangu alikuwa na jino la kucheka ambalo sikuwa nimeliona tangu tuchumbiane. Aliwaimbia watoto, akanishika goti kwenye foleni, akaniambia, "Unaona, Kai, tunaweza." Nilijisemea moyoni kwamba huyu mtu ni mzuri sana akiwa wetu peke yetu.

Kisha tukaingia Dagoretti.

Mama yake Kuria, Shosho wa watoto, anakaa karibu na soko, lango la samawati likitazama barabara. Kuria alikuwa ameulizia na kugundua kwamba saa tano asubuhi hiyo Shosho angekuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Faili lilisema: Italia, saa tano na dakika kumi, kupita bila kusimama. Moshi wa nyama choma ulijaa ndani ya gari na watoto wote watatu wakaanza kulilia mutura, ile soseji ya matumbo na damu. Nikawapa jibini ambayo baba yao alinunua ili wazoee chakula cha huko. Zaka alinusa, akaniuliza kama imekufa.

Na hapo ndipo tukamwona Shosho. Mkutano ulikuwa umeisha mapema, au haukuwako. Alikuwa amesimama nje ya lango lake, amevaa gauni la kanisa, mwavuli mkononi.

"Laleni chini," Kuria alisema.

Watoto walilala. Yeye mwenyewe aliteremka kwenye kiti mpaka nikawa naona kipara tu kikiendesha gari. Nyokabi, ambaye amepewa jina la Shosho na hajui kulala chini, alibaki amekaa wima.

"Dad, Shosho anatuona."

Shosho aliinua mkono, kama mtu anavyosimamisha gari lolote. Hakujua ni sisi, gari la Jamleck hajawahi kuliona. Kuria alikanyaga mafuta. Tukapita. Kwenye kioo cha pembeni niliona ule mkono ukishuka taratibu, kisha ukashika lango.

Kuria aliendesha moja kwa moja mpaka Karen.

Uswisi tulikaa kwenye maegesho ya duka moja kubwa, chini ya mti, tukila soseji baridi. Kuria alikuwa ameshinda. Sharti langu lilikuwa limetimia, kasoro kurudi nyumbani tu, na nilipaswa kupiga vigelegele. Lakini soseji yangu nilimpa Kitheka. Zaka aliuliza kwa nini tumemwacha Shosho na yeye alikuwa amevaa vizuri. Kuria alijifanya anasoma faili, na faili lilikuwa juu chini.

Simu yake ikalia. Aliiweka sauti ya juu kwa mazoea.

"Kuria," alisema Shosho, "kuna gari nyekundu imepita hapa kwangu. Inaendeshwa na mtu hana kichwa. Ndani iko mtoto anafanana na Nyokabi, amevaa kofia ya baridi kwa hii jua. Watoto wako sawa?"

"Wako sawa, Mami. Mimi niko kazini."

"Tuko Uswisi, Shosho," Zaka akapiga kelele kutoka nyuma.

Kisha Shosho akasema, "Sawa. Mkitoka Uswisi mnipitie. Nimechemsha nduma." Akakata.

Kuria aliegemeza paji la uso kwenye usukani, na honi ikalia. Nilimwonea huruma ambayo sikuitarajia. Aibu nayo ilinipata, kwa sababu sharti lilikuwa langu, na mkono ule niliuona mimi.

"Twende kwa mama yako," nilisema.

"Hiyo ni trap."

"Si trap."

"Basi sign hapa kwamba haihesabiki." Akanipa faili na kalamu.

"Sisign. Sheria ni sheria. Lakini twende."

Sijivunii jibu hilo. Mimi nikishaweka neno huwa siliondoi, hata likinichoma mwenyewe. Kuria aliangalia miti ya Karen. Alikuwa ametaka kuiona milima ya Alps tangu alipokuwa mtoto wa darasa la tatu. Kisha akawasha gari, akarudi Dagoretti, polepole, upande wa kushoto.

Shosho alitufungulia lango. Aliwavua watoto majaketi, akawapa nduma na chai, akamtazama mwanawe kichwani kuhakikisha kipo. Kitheka alilala mapajani pake hata kabla ya kumaliza kikombe. Saa kumi na moja kasorobo Kuria akamweleza kila kitu: mazoezi, sharti, tiketi, na kwamba sasa imeisha, hatuendi tena. Alieleza bila kunilaumu, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenilaumu.

Nilitegemea Shosho anigeukie. Badala yake alivaa miwani, akaliomba faili. Alisoma kurasa zote, akilamba kidole kila anapofungua. Alisoma siku ya kwanza mpaka ya saba, maziwa, mahandaki, hoteli, mahali pa kukojoa.

"Mmepanga vizuri," alisema. "Sasa hapa kwa Waithera mnalala siku gani?"

Kuria alinitazama. Mimi nikatazama nduma.

"Tutapita hapo karibu, Mami," Kuria akasema. "Siku ya pili. Barabara inapita mtaa wake."

"Mnapita."

"Tulikuwa tunataka kuwa sisi watano tu."

"Nimeelewa," alisema Shosho, akafunga faili. Alichukua simu ya Kuria mezani, akampigia binti yake mwenyewe. Uso wa Waithera ukatokea, nyuma yake jikoni safi isiyo na mtu.

"Waithera, hawa watu wako kwangu. Wameniambia huko kwako hawataingia. Wewe ulijua?"

Waithera alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayepanga vyombo ambavyo tayari vimepangwa. "Najua, Mami. Kaindi anataka wapumzike, na ni haki yake. Si lazima waingie. Nilifikiria hata wakipunga mkono hapo nje, mimi nitakuwa kwa dirisha."

"Na umekaa huko miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ni nani amewahi kukupitia?"

Waithera alifikiri, kwa kweli alifikiri, kama mtu anayetafuta jina. "Kuna mtu wa posta," alisema.

Nilijisikia vibaya, vibaya sana. Miaka tisa nilikuwa nimepigana nisipitiwe na mtu, na nilikuwa nimeshinda pigano lile kwa mtu mmoja tu, yule anayetununulia tiketi. Nilimnyang'anya Shosho simu bila heshima yoyote.

"Waithera, ni Kaindi. Zile tiketi kata. Lakini tafuta gari ya watu sita, na kiti cha mbele ni chako. Siku mbili za kwanza tunalala kwako, na za mwisho pia."

"Wote watano?" aliuliza.

"Wote. Na Kitheka bado anakojoa kitandani, nakuambia mapema."

Kuria alikuwa amesimama, mdomo wazi, kipande cha nduma mkononi. Shosho aliuliza gari za watu saba kama huko hazipo, na sote tukajifanya hatujasikia. Waithera aliondoka kwenye simu, tukabaki tunatazama dari ya jikoni yake, tukasikia makabati yakifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alikuwa anahema na amekumbatia mashuka.

"Hizi nizifue leo?" akauliza.

"Waithera, tunakuja Desemba," nikamwambia. " Hata October haijaisha."

"Najua," alisema, bado amezikumbatia. "Nauliza tu."